Namba ya Mtihani Iliyonifuata Hadi Uzamivu

Anayetaka kuelezwa mfumo wa elimu wa Tanzania kwa haraka hupewa tarakimu tano: 2-7-4-2-3. Maana yake ni miaka miwili ya elimu ya awali, saba ya shule ya msingi, minne ya sekondari ya kawaida, miwili ya sekondari ya juu, na isiyopungua mitatu ya chuo kikuu. Tarakimu hizo ni za kweli, ingawa sera mpya imeanza kuzibadilisha, lakini mimi niliyeanza darasa la kwanza katika kijiji kimoja cha Njombe na kuvalishwa joho la uzamivu Morogoro sikuupita mstari huo wote. Kidato cha tano na cha sita sikuvikanyaga. Nilizunguka kwa njia ya cheti na stashahada, na katika kuzunguka huko nikatambua jambo ambalo tarakimu zile hazilisemi: milango ya elimu katika nchi yetu ni mingi kuliko wazazi wengi wanavyodhani, ila karibu yote hufunguliwa kwa karatasi moja, nayo ni cheti cha kidato cha nne.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1999. Mtihani ulikuwa na karatasi tatu tu, Hisabati, Lugha na Maarifa, na majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu, machache kiasi kwamba hapakuwa na haja ya kuyatafuta kwa kidole. Wengi waliobaki walikuwa wamefaulu. Nafasi ndizo zilizokosekana. Hali hiyo imebadilika sana. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka uliofuata, na ule wa sekondari, MMES, ulioanza 2004, ukaleta shule za kata hata mahali ambapo zamani mtoto alilazimika kupanda basi ili aione sekondari. Januari 2016 elimu bila ada ilifika hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafika kidato cha sita. Kwa hiyo mchujo mkubwa uliokuwa ukiwakuta watoto wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne umesogezwa mbele, na sasa huwakuta wakiwa kidato cha nne. Nchi nzima iliuona waziwazi Februari 2013, matokeo ya mtihani wa 2012 yalipotangazwa na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakawa wamepata sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na kwa muda mfupi divisheni, yaani madaraja ya ufaulu, zikaachwa na kutumika mfumo wa GPA, yaani wastani wa alama, kabla ya divisheni kurejeshwa. Wazazi ninaowafahamu walishukuru ziliporudi, maana kila mtu anaelewa mtoto akisema amepata divisheni ya pili.

Sekondari yenyewe huanza kwa mruko ambao hakuna mtihani unaoupima. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza, masomo yote isipokuwa Kiswahili chenyewe hugeuka kuwa ya Kiingereza. Shuleni kwetu wiki za mwanzo zilitengwa kwa ajili ya kutuzoesha lugha hiyo, halafu mwalimu wa Baiolojia akaingia na kuanza kuandika ubaoni kana kwamba tumeizoea tangu utotoni. Nilikuwa nayajua mambo mengi aliyoyafundisha, kwa kuwa Sayansi ya darasa la sita na la saba ilikuwa imetueleza, lakini kuyajua na kuyajibu katika mtihani yakawa mambo mawili tofauti kwa miaka yote minne. Waliovuka salama hawakuwa lazima wenye akili zaidi. Wengi walikuwa wale ambao nyumbani kwao palikuwa na mtu wa kuwasomea.

Katika mtihani wa kidato cha nne, masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi ndiyo huhesabiwa. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5, na pointi zikiwa chache ndivyo divisheni inavyopanda: 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, na zaidi ya hapo ni sifuri. Mwaka 2003 nilipata ya tatu. Nilikuwa na C za Baiolojia, Jiografia na Kiswahili, na D katika Kemia, na hapo ndipo nilipokutana na tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo matatu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tano huchukua: PCM, PCB, CBG, HGK, HKL na mingineyo. C zangu tatu zilitosha kwa hesabu, lakini hazikuunda tahasusi yoyote iliyokuwapo. CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) ilidai Kemia, na HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) ilidai Historia, ambayo pia nilikuwa na D. Baba aliposikia habari hiyo aliniuliza, “Mwanangu, mwenye divisheni ya tatu si huwa anaendelea?” Nikamweleza kuhusu tahasusi, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba kwa akili yake mtu mwenye C tatu ana C tatu. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa hadi 65, na nilipoisoma orodha hiyo nilimkumbuka marehemu baba na hoja yake.

Aliyenionyesha njia alikuwa mjomba wangu, bwana shamba mstaafu. Alisema, “Anko, acha kukaa hapo unasubiri majina. Uyole pale wanachukua watu kama wewe.” Alikuwa anazungumzia chuo cha kilimo cha Uyole, Mbeya. Shuleni hakuna mwalimu aliyewahi kututajia kwamba kuna njia ya namna hiyo. Tulijazishwa Selform, fomu ya kuchagua tahasusi na shule, na tukaachwa tuamini kwamba nje ya fomu ile pana kilimo cha jembe la mkono au biashara ya mitumba.

Njia hiyo ina ngazi zake, na ngazi hizo zimepangwa vizuri kuliko watu wanavyofahamu. Mafunzo ya ufundi stadi, ambayo wengi tunayaita VETA kwa jina la mamlaka inayoyaendesha, yana ngazi ya 1 hadi ya 3. Ngazi ya 4 na ya 5 ni za cheti, ya 6 ni stashahada ya kawaida, ya 7 stashahada ya juu, ya 8 shahada ya kwanza, ya 9 uzamili na ya 10 uzamivu. Msimamizi wa vyuo vya kati ni NACTVET, baraza ambalo hadi 2021 liliitwa NACTE. Vyuo vikuu vinasimamiwa na TCU, tume iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Kwa kozi nyingi za cheti sharti ni ufaulu wa masomo manne katika kidato cha nne, yaani D nne au zaidi, yasiyo ya dini, na kozi za kilimo au afya huongeza masharti ya masomo ya sayansi. Mwenye divisheni ya nne anaweza kuingia hapo, akasoma hadi stashahada, na akiwa na GPA isiyopungua 3.0 pamoja na zile D nne zake, akaomba shahada akiwa na haki sawa na aliyetoka kidato cha sita. Yule wa kidato cha sita hutakiwa awe na ufaulu wa ngazi ya prinsipo, yaani alama ya E au zaidi, katika masomo mawili, wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, na huko pointi nyingi ndizo nzuri. Siku hizi mwenye stashahada huomba kwanza NACTVET namba ya uhakiki wa tuzo yake, AVN, na wapo wanaokosa mwaka mzima kwa kuikumbuka siku dirisha la udahili linapofungwa.

Nilipomaliza stashahada niliajiriwa na halmashauri moja ya mkoa wa Dodoma nikiwa afisa kilimo msaidizi, nikapangiwa vijiji vya wakulima wa mahindi na alizeti. Kipindi hicho cha kazi sikukipangia mahali katika safari ya masomo, lakini sasa nakiona kuwa ndicho kilichonisomesha zaidi. Mtumishi wa umma haamki tu na kwenda chuo: lazima awe amethibitishwa kazini, apate kibali cha mwajiri, na masomo yake yawemo katika mpango wa mafunzo wa halmashauri. Nilipopata kibali nikaenda Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984, kusoma shahada ya miaka mitatu. Muda wa shahada hutegemea fani. Ualimu kwa kawaida ni miaka mitatu, uhandisi minne, na udaktari wa binadamu mitano pamoja na mwaka wa mafunzo kwa vitendo hospitalini.

Darasani tulikuwa makundi mawili, na mtu aliweza kutupambanua bila kuuliza. Waliotoka kidato cha sita walitushinda katika Kemia na Takwimu, na Kiingereza chao kilitiririka. Sisi tuliotoka stashahada tulikuwa wazito katika milinganyo, lakini mhadhiri alipouliza kwa nini mkulima haachi nafasi iliyopendekezwa kati ya mstari na mstari, ni sisi tulionyoosha mikono, kwa sababu tuliwahi kugombezwa na wakulima kwa jambo hilo hilo. Hadi mwaka wa tatu tofauti zilikuwa zimepungua sana. Sikubaliani na wanaosema kwamba njia ya stashahada ni ya walioshindwa, wala sikubaliani na wenzangu wanaodai kuwa kidato cha sita ni kupoteza muda. Miaka ile miwili humpa kijana misingi ya nadharia ambayo mimi nilikuja kuitafuta usiku, kwa taa ya kuazima, nikiwa mtu mzima mwenye watoto.

Shahada yetu hupimwa kwa GPA ya hadi 5.0. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni ufaulu wa kawaida. Mimi nilimaliza na 3.6, nikafurahi, na sikujua kwamba tarakimu hiyo ingekuja kuulizwa tena miaka mingi baadaye. Nilirudi kazini nikaanza safari nyingine ambayo vitabu vya mwongozo wa udahili haviitaji: kubadilishiwa kada, kutoka afisa kilimo msaidizi kuwa afisa kilimo. Shahada mkononi haibadilishi cheo wala mshahara siku unaporipoti. Barua hupita kwa mkuu wa idara, kwa afisa utumishi, kisha husubiri ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na bajeti, na mtu huendelea kulipwa kama mwenye stashahada huku akifanya kazi ya mwenye shahada.

Mwaka 2017 ulikuja uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Ripoti iliyokabidhiwa kwa Rais Magufuli Dodoma mwezi Aprili ilitaja watumishi zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi, na wengi tulitambua siku hizo kwamba anayetafutwa si mwenye shahada ya uongo peke yake. Karatasi iliyotazamwa kwa ukali ilikuwa cheti cha kidato cha nne. Palikuwa na watu waliokuwa na ujuzi wa kweli, wenye stashahada walizozisotea wenyewe darasani, lakini walioingia chuoni kwa cheti cha mtu mwingine, na yote yaliyojengwa juu yake yakaanguka pamoja nacho. Sitetei udanganyifu. Ninachosema ni kwamba mfumo wetu hausahau. Ukiomba chuo, ukiomba mkopo katika Bodi ya Mikopo, ukiomba kazi katika mfumo wa ajira wa serikali, kitu cha kwanza kuulizwa ni namba yako ya mtihani ya kidato cha nne, na mimi niliijaza hata nilipoomba uzamivu, nikiwa na mvi.

Uzamili ulikuja kwa sababu ya mahindi. Mwaka 2016 ulitokea mlipuko wa ugonjwa katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wakafa, na chanzo kikabainika kuwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu katika nafaka iliyohifadhiwa vibaya. Sisi wa ugani tulikuwa tumewafundisha wakulima kuongeza mavuno kwa miaka mingi na kuzungumza kidogo mno kuhusu ghala. Niliomba nafasi ya uzamili nikitaka kujua kwa nini kaya zilizowahi kuonyeshwa mifuko isiyopitisha hewa zilirudia viroba vya kawaida. Sharti la kawaida la kuingia ni GPA ya 2.7 katika shahada ya kwanza. Mwaka wa kwanza ni wa kozi darasani, na wa pili ni wa utafiti na tasnifu. Mikopo ya ngazi hii ni haba, hivyo wengi hujilipia au hubebwa na miradi ya utafiti, na mimi nilibahatika kuingia katika mradi.

Uzamivu ni ngazi ambayo muundo wake ni mfupi kuuandika na mrefu kuuishi. Unaandika pendekezo la utafiti, unapewa wasimamizi, unawasilisha pendekezo mbele ya idara, unakwenda uwandani, unarudi na takwimu, unaandika tasnifu, inapelekwa kwa watahini wa ndani na wa nje ya chuo, kisha unaitetea mbele ya jopo. Kwa kawaida hupangiwa miaka mitatu au minne ukisoma kwa muda wote, na mwenye kazi na familia huzidisha. Baadhi ya vyuo huwa na kozi za mwanzo, vingine ni utafiti mtupu. Vipo vinavyokutaka uchapishe makala katika majarida kabla ya kuruhusiwa kutetea, na makala moja inaweza kukaa kwa mhariri muda mrefu kuliko ulivyokaa uwandani.

Lililonishangaza lilikuwa ukimya. Tangu darasa la kwanza nilikuwa nimezoea kengele, ratiba, mtihani na orodha ya majina ukutani. Sasa hakuna aliyeniita. Ningeweza kutofika chuoni miezi mitatu na hakuna ambaye angepiga simu, na msimamizi wangu, mtu mpole mwenye wanafunzi wengi, alijibu nilipoandika na akanyamaza niliponyamaza. Miaka yote ya shule ilikuwa imenifundisha kujibu maswali ya wengine kwa muda uliopangwa, na hapakuwa na hata kipindi kimoja kilichonifundisha kuuliza langu na kulishikilia likiwa halina jibu. Mafunzo ya jambo hilo niliyapata vijijini, kwa akina mama wa Dodoma waliokuwa wakinisikiliza nikieleza kuhusu mifuko, kisha mmoja akauliza, “Sasa bwana shamba, mfuko ukitobolewa na panya nitanunua mwingine kwa hela ipi?” Sura ya nne ya tasnifu yangu ni jibu la swali hilo, pamoja na majedwali.

Baada ya kuhitimu niliomba kazi ya uhadhiri, na hapo ndipo 3.6 yangu iliporudi. Vyuo vikuu vya umma huajiri kwa muundo unaotaka GPA ya 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili, hata kama mwombaji ana uzamivu. Ngazi za kazi hiyo huanzia kwa msaidizi wa kufundishia, anayeitwa TA na kila mtu, hupanda kwa mhadhiri msaidizi mwenye uzamili, mhadhiri mwenye uzamivu, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, hadi profesa. Kigezo hicho kina sababu yake, kwa kuwa kinazuia upendeleo, lakini kwa maoni yangu kumpima mtu mwenye uzamivu kwa alama alizopata akiwa mwaka wa pili wa shahada ni kudharau kila alichofanya baadaye. Sasa nafanya kazi katika taasisi ya utafiti wa kilimo, na vijana wa TA huja kwangu kujifunza namna ya kuchukua sampuli za nafaka.

Dada yangu ana binti aliyeingia kidato cha kwanza Januari 2024, mwaka ambao mitaala mipya ilianza kutumika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma na Rais Samia mwisho wa Januari 2025, inaugeuza muundo kuwa mwaka mmoja wa awali, sita ya msingi, minne ya sekondari ya chini, miwili ya juu na mitatu au zaidi ya chuo, na elimu ya lazima inakuwa ya miaka kumi. Sekondari ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali, ambao humpa mwanafunzi ujuzi wa kazi pamoja na masomo ya kawaida. Binti huyo yuko amali, katika kilimo, na mama yake alinipigia simu akiwa na wasiwasi: “Kaka, wamempeleka huko kwa sababu hana akili?” Nilimwambia kwamba mjomba wake alipita huko huko, ila bila kupangiwa na mtu. Kisha nikamuuliza mambo ambayo sera haiwezi kunijibu nikiwa mbali: shule ina shamba la mafunzo au ina karatasi tu, na mwalimu wa somo hilo amesomea kilimo au amepewa kipindi kwa sababu hakuna mwingine.

Kwa mpango uliotangazwa, mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita na wale wa mwisho wa darasa la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Mdogo wa binti huyo atakuwa miongoni mwao. Madarasa, madawati na walimu vitahesabiwa mara mbili mwaka huo, na watakapomaliza miaka yao minne ya sekondari, 2031, watahiniwa wa mikupuo yote miwili watapewa namba za mtihani wa kidato cha nne. Dada ameshaniagiza nimwandikie orodha ya vyuo vya kati vya kilimo na masharti yake, nami nimemtumia, nikaanza na chuo cha Uyole.